Umri Usioandikwa: Historia ya Maarifa Kuhusu Ukuaji na Maisha ya Kasa katika Nungwi na Bahari ya Unguja

Utangulizi

Katika Nungwi, kijiji cha wavuvi na mafundi wa majahazi kilichopo kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, lipo bwawa la asili ambalo maji yake hupanda na kushuka kwa kufuata kujaa na kupwa kwa bahari. Bwawa hilo lipo Mnarani, karibu na mnara wa taa, na tangu mwaka 1993 wanakijiji wamelitumia kuwahifadhi kasa. Swali linaloonekana jepesi kuliko yote mbele ya bwawa hilo, yaani kasa huyu ana umri gani, ndilo gumu kuliko yote kulijibu. Samaki wengi hubeba ndani ya kichwa vijiwe vidogo vya sikio vinavyojenga tabaka kadiri samaki anavyokua, na mtaalamu huweza kuzihesabu tabaka hizo kama anavyohesabu pete za mti. Kasa aliye hai hana kumbukumbu ya namna hiyo inayoonekana kwa macho. Gamba lake huonesha ukubwa, wala halioneshi miaka.

Insha hii inafuatilia namna maarifa kuhusu kasi ya ukuaji na urefu wa maisha ya kasa yalivyojengeka, kwa kuitazama Nungwi na bahari ya Unguja ndani ya historia pana ya sayansi ya bahari. Hoja inayotetewa ni kwamba historia ya uhifadhi wa kasa visiwani haiwezi kueleweka vyema bila historia ya kipimo cha umri. Biashara ya magamba, sheria za uvuvi na miradi ya uhifadhi, kila kimoja kilisimama juu ya dhana fulani kuhusu muda ambao kasa huhitaji ili kuziba pengo la mwenzake aliyeuawa. Kwa sehemu kubwa ya historia hiyo, dhana iliyotumika ilikuwa ya kasi kuliko maumbile yenyewe.

Kasa kama bidhaa: kutoka Periplus hadi karne ya 19

Ushahidi wa maandishi kuhusu kuvuliwa kwa kasa katika pwani hii ni wa kale. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unakitaja kisiwa cha Menouthias chenye mitumbwi na vyombo vilivyoshonwa, ambavyo wakazi wake walivitumia kuvulia samaki na kasa. Unataja pia mitego ya kusuka iliyotegwa mahali maji yanapopita baina ya miamba. Wanahistoria wanatofautiana iwapo kisiwa hicho ni Unguja, Pemba au Mafia. Lisilobishaniwa ni kwamba magamba ya kasa yalikuwa miongoni mwa bidhaa zilizotoka pwani hii kuelekea masoko ya mbali.

Lugha ya pwani nayo inahifadhi historia hiyo. Wavuvi hawakuwaweka kasa wote katika fungu moja: kasa ndiye aliyesifika kwa nyama, na ng'amba ndiye aliyesifika kwa gamba. Spishi tano za kasa zimerekodiwa katika maji ya Tanzania, lakini ni hizo mbili ndizo hutaga katika fukwe za Zanzibar, na ndizo zilizobeba uzito wa uchumi. Katika karne ya 19, bandari ya Unguja ilipokuwa kitovu cha biashara ya pembe za ndovu na karafuu, magamba ya ng'amba yalisafirishwa kwenda Bara Hindi na Ulaya, yakatengenezwa vitana, vikasha na mapambo.

Maarifa ya wavuvi kuhusu mnyama huyu yalikuwa ya kina. Frederic Holmwood, afisa wa ubalozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alichapisha mwaka 1884 katika jarida la Jumuiya ya Zuolojia ya London maelezo kuhusu wavuvi wa Afrika ya Mashariki waliotumia chazo kukamatia kasa. Chazo ni samaki mwenye kigandamizo juu ya kichwa. Mvuvi alimfunga kamba, akamwachia karibu na kasa, na chazo aliponata, vyote viwili vilivutwa chomboni. Ufundi huo unahitaji kujua kasa hupumzika wapi, huibuka lini kuvuta pumzi, na hula katika majani gani ya bahari.

Hata hivyo, ujuzi wa tabia si sawa na ujuzi wa umri. Kalenda ya wavuvi wa Unguja ilipima vyema misimu ya kaskazi na kusi, bamvua na maji mafu, lakini haikuwepo njia ya kumfuata kasa mmoja tangu alipotoka kwenye yai hadi alipopanda ufukweni kutaga. Kifaranga huingia baharini akiwa na urefu wa takriban sentimita 5, kisha hupotea katika bahari kuu kwa miaka kadhaa kabla ya kuonekana tena karibu na pwani akiwa na ukubwa wa sinia. Miaka hiyo haikuwa na shahidi. Soko nalo halikuuliza umri. Lilinunua gamba kwa uzito na unene, na kwa sababu hiyo liliwalenga ng'amba wakubwa, yaani wale hasa ambao walikuwa wamekwisha kupita hatari za utotoni.

Kupima viumbe wa bahari: funzo la krili

Tatizo la umri halikuwa la Unguja peke yake. Mfano ulio wazi zaidi unatoka upande wa pili wa dunia, katika bahari ya Antaktika, ambako kiumbe mdogo aitwaye krili, anayefanana kwa umbo na uduvi wa pwani yetu, ndiye chakula cha nyangumi, pengwini na sili. Uingereza ilianza uchunguzi mkubwa wa bahari hiyo mwaka 1925 kwa meli Discovery, na mwaka 1962 James Marr alichapisha kitabu kikubwa kuhusu maisha ya krili. Watafiti wa kipindi hicho walikusanya maelfu ya krili, wakawapima urefu, wakawagawa katika makundi ya ukubwa, na kila kundi wakalihesabu kuwa kizazi cha mwaka mmoja. Kwa njia hiyo maisha ya krili yalikadiriwa kuwa ya takriban miaka 2.

Mwaka 1982 watafiti Ikeda na Dixon walionesha jambo lililotikisa hesabu hiyo: krili aliyekosa chakula hupungua urefu kila anapojivua ganda. Mnyama mzee aliyesinyaa wakati wa baridi angeweza kuhesabiwa kuwa kijana. Krili waliofugwa maabara waliishi miaka mingi kuliko ilivyodhaniwa, na leo maisha yao hukadiriwa kuwa ya miaka 5 hadi 7 au zaidi. Mwaka 2017 Kilada na wenzake walitumia krili wenye umri unaojulikana kuonesha kwamba mistari iliyomo katika kikonyo cha jicho inaweza kuhesabiwa kama miaka. Tofauti kati ya miaka 2 na miaka 6 si ndogo. Kundi linalojirudisha upya kila baada ya miaka miwili hustahimili uvuvi mkubwa kuliko kundi linalohitaji mara tatu ya muda huo. Ndiyo maana, uvuvi wa krili uliposhika kasi katika miaka ya 1970, mataifa yalitia saini mwaka 1980 mkataba wa kuhifadhi viumbe wa bahari ya Antaktika, ulioanza kutumika mwaka 1982.

Unguja ilikuwa sehemu ya wimbi hilohilo la sayansi ya kupima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Shirika la Utafiti wa Uvuvi wa Bahari la Afrika Mashariki, lililojulikana kwa kifupi chake EAMFRO, lilikuwa na makao yake Zanzibar. Mwaka 1963 J. H. Wickstead alichapisha makadirio ya wingi wa wanyama wadogo waeleao katika bahari ya Zanzibar, kwa kulinganisha matokeo ya nyavu mbili tofauti. Msimamo wa kisayansi wa kazi hiyo una maana kwa insha hii: kabla ya kusema kuna kiasi gani baharini, mtafiti alipaswa kwanza kuuliza wavu wake unaona nini na hauoni nini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, urithi wa kitaasisi wa utafiti huo visiwani uliendelezwa na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978. Lakini taasisi za uvuvi zilielekeza nguvu kwenye viumbe wa soko na chakula, yaani samaki na kamba. Kasa alibaki pembezoni mwa sayansi hiyo ingawa alikuwa katikati ya nyavu.

Kumpima kasa

Njia ya kwanza ya kuaminika ya kuufuata umri wa kasa ilikuwa alama. Archie Carr alianza mwaka 1955 kuwavisha kasa vibati vyenye namba katika ufukwe wa Tortuguero, Costa Rica. Kasa aliyekamatwa tena baada ya miaka alitoa habari mbili kwa pamoja: amekua kiasi gani, na amesafiri umbali gani. Katika Bahari ya Hindi ya magharibi njia hiyo imeonesha kwamba baadhi ya kasa waliowekewa alama katika visiwa vya Komoro na Shelisheli hufika katika maji ya Tanzania. Kwa hiyo kasa anayelisha majani karibu na Nungwi si lazima awe mzaliwa wa Unguja, na kasa aliyezaliwa Unguja si lazima abaki huko.

Njia ya pili ni ya mifupa. Katika miaka ya 1980 George Zug na wenzake waliendeleza mbinu ya kukata mfupa wa juu wa pezi la mbele na kuhesabu pete za ukuaji ndani yake. Mbinu hii hutumika kwa kasa waliokufa. Aidha, pete za ndani kabisa, ambazo ni kumbukumbu ya utoto, hufutika kadiri mfupa unavyojijenga upya, kwa hiyo mtafiti hulazimika kukadiria zile zilizopotea.

Njia ya tatu ni kumlea kasa na kumpima. Hapa ndipo uangalifu mkubwa ulihitajika. Katika shamba la kasa la visiwa vya Cayman, lililoanzishwa mwaka 1968, baadhi ya kasa waliolishwa tangu utotoni walitaga wakiwa na umri wa chini ya miaka 10. Kama takwimu hiyo ingehamishiwa baharini, ingeonekana kwamba kasa hukomaa mapema na huvunika bila madhara makubwa. Lakini kasa wa porini, anayetegemea majani ya bahari na maji yenye joto linalobadilika, hukua polepole, mara nyingi sentimita chache tu kwa mwaka. Makadirio ya sasa ya umri wa kukomaa kwa kasa wa porini ni kati ya miaka 20 na 50, kwa kutegemea mahali. Akishakomaa, ukuaji wake hukaribia kusimama. Kama ilivyo kwa krili, ukubwa huacha kuwa shahidi wa umri: kasa wenye gamba la mita moja wanaweza kupishana miaka 30.

Jack Frazier, aliyechapisha mwaka 1976 makala kuhusu kasa wa Tanzania katika jarida la Tanzania Notes and Records, ndiye aliyefungua mlango wa utafiti wa kasa nchini. Kwa upande wa Zanzibar, ripoti ya Clark na Khatib ya mwaka 1993 ilichunguza hali ya kasa, mtawanyiko wao na mitazamo ya wenyeji. Mwaka wa ripoti hiyo una uzito wa kipekee katika historia hii.

Mwaka 1993: sheria na bwawa

Mambo mawili yalitokea Zanzibar mwaka 1993. La kwanza ni Kanuni za Uvuvi, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1988, ambazo zilipiga marufuku kuvuliwa kwa kasa. La pili ni kuanzishwa kwa hifadhi ya Mnarani huko Nungwi. Sheria ilitoka juu, bwawa lilitoka kijijini. Sheria ilimwambia mvuvi asimchukue kasa. Bwawa lilimpa mvuvi aliyemnasa kasa kwa bahati mbaya mahali pa kumpeleka. Ada ya wageni wanaokuja kuwatazama kasa na kuwalisha mwani iligeuza mnyama aliye hai kuwa chanzo cha kipato, jambo ambalo hapo awali lilifanywa na nyama na gamba pekee.

Tathmini ya bwawa hilo inahitaji uadilifu wa pande mbili. Kwa upande mmoja, kasa anayeingia na kutoka katika bwawa la kijiji ni nafasi adimu ya kisayansi, maana tarehe za kuingia na kutoka kwake zinaweza kujulikana. Urefu wa gamba ukipimwa siku ya kuingia na siku ya kuachiliwa, na alama ikivishwa, bwawa huwa daftari la ukuaji. Kwa upande mwingine, ukuaji wa bwawani si ukuaji wa baharini, kama Cayman ilivyofundisha. Wataalamu wa uhifadhi wameeleza pia shaka zao kuhusu kulea vifaranga: msongamano huleta majeraha na maradhi, na haijulikani kwa yakini kama kasa aliyelelewa na binadamu hujua kujitafutia baharini sawasawa na mwenzake.

Shaka hizo zilipata msingi wa kihisabati katika utafiti wa Crouse na wenzake wa mwaka 1987 kuhusu spishi nyingine ya kasa huko Marekani. Utafiti huo ulionesha kwamba kulinda mayai pekee hakutoshi kuokoa kundi iwapo kasa wakubwa wa umri wa kati na wazima wanaendelea kufa katika nyavu. Sababu ni ileile ya umri: mnyama anayechukua miongo kukomaa amebeba ndani yake miongo ya kuponea, na kumpoteza karibu na ukomavu ni kuipoteza miongo hiyo yote.

Hesabu ya umri na maana yake kwa Unguja

Hesabu rahisi inaweza kuonesha uzito wa jambo hili. Kasa jike hutaga takriban mayai 100 katika kila kiota. Ikichukuliwa kwamba yai moja kati ya 1,000 ndilo hutoa kasa anayefikia utu uzima, makadirio yanayotajwa mara nyingi, basi jike anahitaji mayai 2,000, sawa na viota 20, ili ajizalie mrithi wake na mrithi wa dume mmoja. Akitaga viota 4 katika msimu, anahitaji misimu 5. Akirudi ufukweni kila baada ya miaka 3, baina ya msimu wa kwanza na wa tano hupita miaka 12. Kama alianza kutaga akiwa na miaka 30, atakuwa amelipa deni lake kwa bahari akiwa na miaka 42. Jarife likimnasa katika msimu wake wa pili, soko litakuwa limepata kasa mmoja mkubwa, na bahari itakuwa imepoteza kazi ya miaka 33 kabla haijazaa mbadala.

Hesabu hiyo inaeleza pia kwa nini kasa hafanani na viumbe wengine ambao uhifadhi wao umezaa matunda ya haraka visiwani. Pweza wa miamba yetu huishi takriban mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, naye hukua kwa kasi. Jamii zilizofunga miamba kwa miezi michache, kama Kisiwa Panza na Kizimkazi, zinaweza kuona pweza wakubwa siku ya kufungua. Dagaa nao hukamilisha maisha yao kwa muda mfupi. Kwa viumbe hao, mvuvi aliyejizuia ndiye anayevuna. Kwa kasa, mvuvi aliyejizuia mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 25 alitimiza miaka 55 mwaka 2023, na kifaranga aliyeanguliwa mwaka ule wa kanuni ndipo alipotimiza 30. Kundi la kwanza lililozaliwa chini ya ulinzi wa sheria linaingia umri wa kutaga katika kipindi hiki hiki, na baadhi yake huenda likasubiri hadi mwaka 2043.

Matokeo yake ni ya kisiasa na ya kimaadili. Mradi wa miaka mitatu hauwezi kuonesha ongezeko la majike watagao, na kutoonekana kwa ongezeko hilo hakuthibitishi kwamba ulinzi umeshindwa. Kinyume chake pia ni kweli: viota vinaweza kuendelea kuonekana kwa miaka mingi baada ya mayai yote kuanza kuchukuliwa, kwa kuwa majike waliozaliwa zamani bado wanarudi. Ufukwe wenye viota leo unatoa habari za miaka ya 1980 na 1990. Atakayeusoma kama habari za leo atakosea, kama walivyokosea waliosoma urefu wa krili wakadhani wanasoma umri.

Marufuku, hata hivyo, haikumaliza ulaji wa kasa. Mwezi Machi 2024 watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki katika Kisiwa Panza, Pemba, baada ya kula nyama ya kasa, na watu wengine wengi walilazwa hospitalini. Sumu ya nyama ya kasa haina dawa inayojulikana, na haiondoki kwa kupika. Msiba huo unaonesha kwamba sheria ya mwaka 1993, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2010 iliyofuata, zinaishi katika jamii ambamo kasa bado ni kitoweo kwa kaya zenye mahitaji. Elimu inayosisitiza adhabu peke yake haijafika kila nyumba. Elimu inayounganisha afya ya watoto na umri wa kasa ina nafasi kubwa zaidi ya kusikilizwa.

Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba maarifa kuhusu kasa wa Unguja yalipitia hatua tatu: ujuzi wa tabia uliokuwa mikononi mwa wavuvi, thamani ya gamba iliyopangwa na soko, na kipimo cha umri kilichochelewa kufika. Kuchelewa huko kulikuwa na gharama, maana kwa karne nyingi kasa alivunwa kama kiumbe anayejirudisha upya upesi. Ulinganisho na krili umedhihirisha kwamba kosa la kuuchukulia ukubwa kuwa umri linaweza kufanywa hata na sayansi yenye meli na maabara, na kwamba dawa yake ni kumfuata mnyama mmoja mmoja kwa muda mrefu.

Kwa Nungwi, pendekezo linalotokana na historia hii ni la kawaida na linawezekana: kila kasa anayeingia bwawani apimwe, avishwe alama na aandikwe, na daftari hilo lihifadhiwe kwa pamoja na kijiji na taasisi za utafiti kwa muda usiopungua miaka 50. Watakaolifungua mara ya kwanza hawataona mwisho wake. Kasa nao huishi kwa utaratibu huohuo: jike anayetaga leo katika fukwe za Zanzibar aliachwa hai na watu ambao wengi wao hawakutarajia kumwona tena.